Molenbeek: uwanja mmoja, klabu tano, na ubingwa wa 1975 ni wa nani?

Uwanja wa Edmond Machtens uko Rue Charles Malis, Molenbeek-Saint-Jean, upande wa magharibi wa Brussels. Ulifunguliwa mwaka 1920, ni mali ya manispaa, na unachukua watazamaji elfu kumi na mbili na ushei. Anayeutembelea kwa mara ya kwanza hukwama kwenye swali ambalo halionekani gumu hata kidogo: timu inayochezea hapa, RWDM, imetwaa ubingwa wa Ubelgiji mara ngapi? Uliza watu wanne nje ya geti siku ya mechi, unaweza kuondoka na majibu manne. Mmoja atasema mara 12. Mwingine 6. Wa tatu atasema mara moja tu, mwaka 1975. Wa nne, aghalabu mtu wa takwimu, atasema haijawahi. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja anahesabu kitu chake.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu karibu kila balaa linaloweza kuipata klabu ya Ubelgiji limepita kwenye nyasi hizi: kuungana, kufilisika, kuhamiwa na timu ya kijiji jirani, kununuliwa namba, kubadilishwa jina juu ya vichwa vya mashabiki. Ukiielewa Molenbeek, klabu nyingine kama Lierse na Beerschot hazitakupa shida.

Kabla ya historia: klabu ya Ubelgiji imeundwa na nini

Kuna vitu vitatu ambavyo mgeni huvichanganya kuwa kimoja. Cha kwanza ni namba ya usajili ya shirikisho, inayoitwa matricule kwa Kifaransa na stamnummer kwa Kiholanzi. Cha pili ni chombo cha kisheria, yaani kampuni au chama kisicho cha faida, chenye namba yake ya serikali, akaunti yake ya benki na madeni yake. Cha tatu ni jina pamoja na nembo na rangi. Vitatu hivi vinaweza kutembea pamoja miaka mia moja, na vinaweza kuachana ndani ya wiki moja ya mwezi Juni.

Namba ndiyo mzizi. Shirikisho lilianza kuzigawa Desemba 1926, likifuata ukongwe wa uanachama. Antwerp ikapata 1, Daring ya Brussels 2, Club Brugge 3, FC Liège 4. Racing ya Brussels ni 6, Union Saint-Gilloise 10, Standard 16, Anderlecht 35. Namba ndiyo inayoshikilia nafasi kwenye daraja, na ndiyo inayobeba mataji kwenye vitabu. Timu mbili zikiungana, moja ya namba ndiyo inayoendelea na nyingine inafutwa. Chombo cha kisheria kikifilisika, namba huzama nacho. Mataji yaliyopatikana chini ya namba iliyofutwa hubaki yameandikwa palepale, hayamfuati mtu yeyote kwenda klabu mpya hata kama ina jina lile lile, jezi ile ile na mashabiki wale wale.

Hili halihusu timu ndogo peke yake. Waliomfuatilia Mbwana Samatta akitwaa ubingwa na Genk mwaka 2019 walikuwa wanaitazama klabu iliyozaliwa 1988, kwa muungano wa Winterslag na Waterschei, timu za vitongoji viwili vya migodi ya makaa ya mawe. Namba yake ni 322, na umri wa namba hiyo ni mkubwa kuliko umri wa jina.

Jambo la pembeni kidogo lakini lina faida uwanjani: neno Royal au Koninklijke, au herufi R na K, mbele ya jina la klabu. Heshima hiyo ya kifalme huombwa klabu inapotimiza miaka 50. Kwa hiyo ukiona K kwenye ubao wa timu ya kijiji usiyoijua kabisa, tayari unajua kwamba kuna nusu karne nyuma yake, na inafaa kuuliza.

Daring, wenye nyumba

Daring ilianzishwa 1895, rangi zake nyeusi na nyekundu, namba 2. Ndiyo iliyoufungua uwanja huu na kuuishi kwa zaidi ya nusu karne. Picha na magazeti ya zamani huuita Oscar Bossaert, kwa jina la mtu wa klabu hiyo. Jina la sasa ni la Edmond Machtens, aliyekuwa meya wa Molenbeek kwa miaka mingi. Usitafute viwanja viwili.

Mataji ya Daring ni matano: 1912, 1914, 1921, 1936 na 1937. Lakini ushindi ambao watu wa Brussels huutaja kwanza si wowote katika hayo. Ni ule wa Februari 10, 1935. Union Saint-Gilloise ilikuwa imecheza mechi 60 za ligi bila kufungwa, rekodi ambayo bado inasimuliwa mpaka leo. Daring ndiyo iliyoikata, 2-0. Union ikachukua ubingwa wa msimu huo hata hivyo, na ubishi wa mitaa hiyo miwili ukawa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1938 ulitungiwa mchezo wa jukwaani wa kuchekesha, familia mbili zikigombana kwa ajili ya timu. Watu wakikwambia kwamba Union na Molenbeek ni watani wa jadi, huo ndio mzizi wake, na ni mzizi wa Daring, si wa RWDM iliyokuja baadaye.

Upande wa pili wa jiji

Wakati Daring inang'ara, mabingwa wa zamani zaidi walikuwa wanadidimia kusini mwa jiji. Racing ya Brussels, iliyoanzishwa 1891, ilitwaa ubingwa mara sita: 1897, 1900, 1901, 1902, 1903 na 1908. Uwanja wake wa Vivier d'Oie kule Uccle ndipo timu ya taifa ya Ubelgiji ilipocheza mechi yake ya kwanza rasmi, Mei 1, 1904, sare ya 3-3 na Ufaransa. Mwaka 1948 Racing ikahamia uwanja mpya wa Trois Tilleuls, Watermael-Boitsfort, uliojengwa kwa watazamaji 40,000. Ulikuwa mkubwa kuliko klabu yenyewe. Klabu inayoshuka haijazi majukwaa ya namna hiyo, na uwanja mtupu hula pesa kila wiki, mvua inyeshe jua liwake.

Mwaka 1963 Racing ikaungana na White Star, klabu ya 1909 ya Woluwe-Saint-Lambert upande wa mashariki. Timu mpya ikaitwa Racing White, ikacheza uwanja wa Fallon huko Woluwe. Hapa paangalie vizuri, maana ndipo hesabu ya watu wengi inapoharibika. Namba iliyoendelea haikuwa 6 ya Racing yenye mataji sita. Ilikuwa 47 ya White Star, ambayo haikuwa na ubingwa hata mmoja. Namba 6 ikafutwa, na mataji yake yakafungiwa humo.

Miaka kumi baadaye, 1973, Racing White ikaungana na Daring. Jina likawa refu, Racing White Daring Molenbeek, kwa kifupi RWDM. Namba ikawa tena 47, na namba 2, ya pili kwa ukongwe nchini, ikafutwa. Uwanja ukawa huu wa Molenbeek. Kwa hiyo timu iliyoingia uwanjani msimu wa 1973-74 ilikuwa na namba ya Woluwe, nyumba ya Daring, na jina lililobeba kipande cha kila mmoja. Mwenyekiti, Jean-Baptiste L'Ecluse, alikuwa mkandarasi wa ujenzi aliyetokea upande wa Racing White.

Ndoa hii ilizaa haraka. Msimu wa 1974-75 RWDM ikawa bingwa chini ya kocha Félix Week. Golini Nico de Bree, katikati Mholanzi Johan Boskamp aliyepewa Kiatu cha Dhahabu cha 1975, tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Ubelgiji, mbele Jacques Teugels. Msimu wa 1976-77 wakafika nusu fainali ya Kombe la UEFA, wakiwa wamewatoa Schalke na Feyenoord njiani, wakatolewa na Athletic Bilbao bila kufungwa mechi yoyote kati ya hizo mbili: 1-1 nyumbani, 0-0 ugenini, sheria ya goli la ugenini ikawamaliza. Morten Olsen alicheza hapa katika miaka hiyo, na Franky Van der Elst alianzia hapa kabla ya kwenda Brugge. Baada ya hapo ni kushuka na kupanda, hadi mwaka 2002 madeni yalipoiangusha klabu. Namba 47 ikafutwa.

Baada ya 2002: wapangaji

Uwanja wa manispaa hauzikwi pamoja na mpangaji aliyefilisika, na huo ndio ufunguo wa sehemu iliyobaki. Molenbeek ilibaki na majukwaa, taa, nyasi na mashabiki, bila timu ya kuingia.

Mwaka 2003 ikaletwa KFC Strombeek, klabu ya 1932 kutoka Strombeek-Bever, kijiji cha Grimbergen nje kidogo ya mpaka wa kaskazini wa Brussels. Strombeek ilikuwa na namba hai na nafasi daraja la pili. Molenbeek ilikuwa na uwanja. Aliyeongoza mpango huo, Johan Vermeersch, alikuwa mchezaji wa zamani wa RWDM. Jina likawa FC Molenbeek Brussels Strombeek, likafupishwa mdomoni kuwa FC Brussels. Ikapanda ligi kuu 2004, ikashuka 2008. Wasomaji wa Kongo huenda wanaikumbuka kwa sababu ya Zola Matumona, aliyevaa jezi yake. Mwaka 2013 ikajipachika jina la RWDM Brussels, na 2014 ikafilisika.

Namba ya klabu hiyo ilikuwa 1936. Si mwaka. Hata hivyo Daring ilikuwa bingwa mwaka 1936, na ndiyo maana utakuta maandishi mengi yasiyo makini yakiunganisha "1936" ya Molenbeek na ubingwa ule. Ni nasibu tupu. Namba hiyo ni ya kijiji cha Strombeek na haina uhusiano wowote na Daring.

Kisha akaja mpangaji mwingine ambaye karibu kila orodha humsahau: White Star Bruxelles. Msimu wa 2015-16 ilichezea Edmond Machtens na kumaliza ya kwanza daraja la pili. Haikupanda. Ilinyimwa leseni, na Eupen ikaenda ligi kuu badala yake. Hii White Star si ile ya 1909. Ni klabu nyingine ya Woluwe, changa zaidi, yenye namba yake tofauti kabisa, na anayeiunganisha na namba 47 kwa sababu ya jina na mtaa anakosea mara mbili.

Mwaka huohuo wa 2015 waliotaka RWDM irudi walikuwa wamepata njia: walichukua namba 5479 ya Standaard Wetteren, klabu ya Flanders Mashariki, wakaanza upya daraja la nne kwa jina la RWDM. Mashabiki wakaiita RWDM47, kwa heshima ya namba iliyokufa. Bahati ikawa ya kuchekesha, kwani ukiitazama 5479 utaiona 47 imekaa katikati. Lakini kwenye daftari la shirikisho hii ni 5479, nukta. Ilipanda soka la kulipwa 2020, ikanunuliwa na Mmarekani John Textor, ikatwaa ubingwa wa daraja la pili 2022-23, ikakaa ligi kuu msimu mmoja na kushuka 2024. Mwaka 2025 wenye klabu wakatangaza jina jipya, Daring Brussels, na mashabiki wakapiga kelele. Wengi wanadhani kelele zile zilikuwa za ushabiki tu. Ukiwa umefuatilia mpaka hapa unaona kisa chenyewe: Daring ni robo moja ya jina la RWDM, na kuirudisha peke yake ni kuifuta Racing, White na Molenbeek kwa mpigo.

Majibu manne, tuyapime

Anayesema 12 amejumlisha 6 za Racing, 5 za Daring na 1 ya RWDM. Ni hesabu ya ukoo. Ina ukweli wa kihistoria, lakini shirikisho haliitambui, na ina udhaifu mkubwa mmoja: mataji sita ya Racing yalipatikana upande wa pili wa jiji, na hakuna shabiki wa Molenbeek aliyeyashangilia.

Anayesema 6 amehesabu Daring na RWDM. Hii ni hesabu ya uwanja na mtaa, na kwa mtembezi wa viwanja ndiyo yenye maana kuliko zote, kwa sharti dogo: ubingwa wa 1912 na wa 1914 ulitangulia uwanja wa 1920. Kwa hiyo waliokuwa wapangaji wa uwanja huu wametwaa ubingwa wakiwa humu mara nne: 1921, 1936, 1937 na 1975. Hilo ni jibu la tano, ambalo halitolewi mara nyingi, na ndilo tunaloliona kuwa sahihi kuliandika kwenye ukurasa wa uwanja.

Anayesema 1 amehesabu namba 47. Ni sahihi kabisa kwa klabu ile iliyokufa 2002.

Anayesema hakuna amehesabu namba 5479, na kwa klabu inayocheza leo yuko sahihi, kwa masikitiko ya wenye skafu. Haki ya kuimba nyimbo za 1975 ni ya mashabiki, hakuna wa kuwanyang'anya. Haki ya kuliandika taji hilo mbele ya 5479 ni jambo lingine.

Kulithibitisha mwenyewe

Fuata mpangilio huu: uwanja kwanza, namba pili, chombo cha kisheria tatu, jina mwisho. Wengi huanza na jina kwa sababu ndilo lililoandikwa getini, na hapo ndipo safari inapopotea.

Kwa uwanja, Brussels ina hazina ambayo miji michache inayo: tovuti ya Bruciel, yenye picha za jiji zima zilizopigwa kutoka angani miaka ya 1930, 1944, 1953, 1971 na kuendelea, zote bure. Weka Rue Charles Malis, halafu sogeza miaka. Utaona majukwaa yakiongezeka na mashamba ya pembeni yakigeuka nyumba. Fanya hivyohivyo kwa Trois Tilleuls na utaona kwa jicho lako ukubwa wa kosa la 1948. Angalia jambo moja: picha hizo ni za mwaka fulani, si za siku unayoitaka, kwa hiyo jukwaa lililopo 1953 na halipo 1944 lilijengwa kati ya miaka hiyo tu, usiandike tarehe kamili kwa kutegemea picha.

Kwa magazeti, maktaba ya taifa KBR imeweka mkusanyiko wake wa BelgicaPress mtandaoni. Ya zamani sana husomeka ukiwa nyumbani; ya karibu zaidi hufunguka ukiwa ndani ya chumba cha kusomea tu, kwa hiyo panga siku ya maktaba kando na siku ya uwanja. Tafuta kwa lugha zote mbili. Gazeti la Kiholanzi litaandika Sint-Jans-Molenbeek, la Kifaransa Molenbeek-Saint-Jean. La Kiholanzi Sint-Gillis, la Kifaransa Saint-Gilles. Ukitafuta kwa lugha moja unapoteza nusu ya habari.

Kwa chombo cha kisheria kuna daftari la serikali la makampuni, Banque-Carrefour des Entreprises, lenye utafutaji wa bure. Kila kampuni au chama kina namba ya tarakimu kumi, na mbele yake hali yake: hai, imefungwa, imefilisika. Humo ndimo unapogundua kwamba timu iliyobadilisha jina mara tatu ni kampuni ileile, au kwamba timu yenye jina lilelile ni kampuni mpya. Neno la kuliwinda ni faillite, au faillissement kwa Kiholanzi.

Tarehe zina mtego wake. Msimu wa shirikisho huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Muungano hutangazwa magazetini Machi au Mei, hupigiwa kura na wanachama baadaye, lakini kwenye daftari huanza Julai 1. Ndiyo maana vyanzo viwili vizuri vinaweza kutofautiana kwa miezi minne bila yeyote kukosea. Leseni nayo ina kalenda yake: uamuzi wa kwanza hutoka majira ya kuchipua, klabu hukata rufaa mahakama ya usuluhishi ya michezo, na jibu la mwisho huweza kutoka mechi zikiwa zimebaki chache au zimekwisha. Kilichoikuta White Star 2016 kilitokana na kalenda hiyo: timu inashinda uwanjani huku karatasi zikishindwa ofisini. Leseni haiulizi magoli. Inauliza kama wachezaji wamelipwa, kama hifadhi ya jamii na kodi zimelipwa, kama klabu nyingine hazidai, na kama una haki ya kuutumia uwanja msimu mzima.

Siku ya kwenda

Kituo cha metro cha Osseghem, laini 2 na 6, ndicho cha kushukia. Kutoka hapo ni mwendo wa miguu usiochosha. Anayetoka Gare Centrale apande laini 1 au 5 kuelekea magharibi, abadilishe Beekkant, na Osseghem ni kituo kinachofuata. Anayetoka Matonge, mtaa wa Wakongo hapo Brussels, hana haja ya kubadilisha: apandie Porte de Namur, laini 2 au 6 kupitia Gare du Midi, moja kwa moja.

Siku isiyo ya mechi geti hufungwa, na mlinzi hana wajibu wa kukufungulia. Panga siku ya mechi. Daraja la pili la Ubelgiji huchezwa Ijumaa usiku, Jumamosi au Jumapili kwa matakwa ya televisheni, na ratiba ya mwanzo wa msimu hubadilishwa. Usinunue tiketi ya ndege kwa kutegemea tarehe ya Agosti. Hakiki tena wiki mbili kabla. Nunua tiketi mtandaoni, beba kitambulisho, acha begi kubwa hotelini. Kamera yenye lenzi ndefu inaweza kukataliwa mlangoni. Ya simu haina tatizo.

Fika saa moja na nusu kabla, uzunguke nje kabla ya kuingia. Tazama vibao vya mtaa, kila kimoja kina lugha mbili. Tazama skafu zinazouzwa, na hasa miaka na namba zilizofumwa juu yake: skafu moja itaandika 47, nyingine 1895, na sasa unajua kwamba ya kwanza ni namba ya White Star ya Woluwe na ya pili ni mwaka wa kuzaliwa kwa Daring. Rangi nyekundu na nyeusi unazoziona ni za Daring. Nyeupe imeletwa na jina la White. Kinywaji kwenye viwanja vingi vya Ubelgiji hakinunuliwi kwa pesa kaunta, hununuliwa kwa vikuponi vinavyouzwa kwenye dirisha la pembeni. Nunua vichache, maana klabu nyingi hazirudishi pesa.

Ukiwa na siku nzima, anza asubuhi upande wa mababu. Vivier d'Oie ina kituo cha treni chenye jina hilohilo huko Uccle. Trois Tilleuls iko Watermael-Boitsfort na mpaka leo ni uwanja wa michezo. Simama juu ukaupime kwa macho, halafu jiulize ni klabu gani ya jiji lenye timu nyingi ingeujaza. Laini 1 ya metro kuelekea Stockel inapita Woluwe-Saint-Lambert, alikotoka 47. Molenbeek iwe ya jioni.

Kwenye daftari lako andika hivi: Edmond Machtens, zamani Oscar Bossaert, 1920. Wapangaji: Daring (2) hadi 1973, RWDM (47) 1973 hadi 2002, FC Brussels (1936) 2003 hadi 2014, White Star Bruxelles, msimu wa 2015-16, RWDM (5479), iliyoanza 2015 na ndiyo iliyopo sasa. Mataji ya ligi kuu yaandikwe mbele ya namba iliyoyatwaa, si chini ya jina.

Usiache safu ya mwisho, ambayo watu wa Molenbeek wenyewe huiruka: namba ilitoka wapi. Strombeek ilitoa 1936, Wetteren ikatoa 5479, na sehemu zote mbili zilikuwa na watu waliokuwa wakienda kutazama timu ya kwao Jumapili. Strombeek-Bever iko hapo hapo kaskazini mwa jiji. Wetteren ina kituo kwenye reli ya Brussels na Gent, huhitaji gari.